Ufunguo unagoma kwenye ignisheni ya Corolla 110: nibadilishe bareli tu au seti nzima?

Mwalimu wa 110:
Wadau, habari za jioni. Nina Toyota Corolla 110 ya 1998, otomatiki, niliyoachiwa na baba mkubwa. Injini haina neno, bodi ni ya kuvumiliana nayo. Shida ni ufunguo. Unaingia vizuri lakini hauzunguki. Inabidi niurudishe nje kidogo, kama unene wa shilingi kumi, niutikise, niubembeleze, ndipo unakubali. Halafu siku hizi gari ikinguruma naweza kuuchomoa nikautia mfukoni na injini isijue.

Juzi ulinigomea kwenye kituo cha mafuta Jogoo Road, saa kumi na mbili jioni, nikiwa wa kwanza kwenye pampu. Dakika kumi na tano nzima. Nyuma yangu matatu inapiga honi, konda anauliza kama nimekuja kujaza mafuta au kulala.

Fundi wangu wa mtaani anataka elfu kumi na mbili alete seti kamili ya mtumba kutoka Kirinyaga Road: ignisheni, vitasa vya milango na cha buti. Rafiki yangu anasema ni bareli tu, ile silinda inayozunguka na ufunguo, haifiki hata elfu nne. Mimi ni mwalimu na tuko wiki ya tatu ya mwezi, mnanielewa. Nifuate nani?

Kijana wa Pipeline:
Pulizia WD-40 maisha yaendelee.

Fundi Baridi:
Kijana, hiyo ataipulizia leo akushukuru, mwezi ujao akutukane. Mafuta yakikutana na vumbi la Nairobi yanakuwa tope ndani ya kitasa. Kitasa kinapenda unga mkavu, ule mweusi wa grafaiti. Ukiukosa, kwangua risasi ya penseli. Lakini hiyo ni ya kulainisha tu, haimrudishii mtu chuma kilicholika.

Mwalimu, kabla hujatoa hata shilingi: una ufunguo wa akiba? Hapa kuna wagonjwa wawili, ufunguo na bareli, na hatujui nani amelazwa. Ufunguo wa akiba ambao haujatumika ukizunguka bila matata, basi bareli haina kosa kubwa.

Mwalimu wa 110:
Wa akiba sina. Huu nilio nao nilichongewa River Road, nao ulichongwa kutoka kwa mwingine wa kuchongwa. Meno yamelika kama kipande cha sabuni.

Fundi Baridi:
Hapo ndipo penyewe. Ndani ya bareli kuna vibati vidogo vya shaba vilivyopangwa mstari, kila kimoja kinasukumwa na springi yake. Ufunguo sahihi unavileta vyote usawa mmoja, na hapo bareli inazunguka. Ufunguo uliolika unaacha kimoja au viwili vimejitokeza kidogo, vinakwama. Sasa ukichonga nakala ya ufunguo uliolika, mashine inanakili ulikaji pia. Nakala ya nakala ni makosa juu ya makosa.

Fanya hivi. Usimpe fundi wa funguo huo ufunguo auige. Mpe kitasa cha mlango wa abiria akifungue, asome vibati vyake. Ule mlango ni nani huufungua kwa ufunguo? Karibu hakuna, kwa hivyo vibati vyake bado viko kama vilivyotoka kiwandani. Kwenye Toyota nyingi za zamani utakuta hata namba ya ufunguo imegongwa papo hapo kwenye kitasa. Akuchongee kutoka hapo. Kisha jaribu ignisheni. Ikigoma hata na huo, badilisha bareli.

Na usingoje.

Mama Pacha:
Hapo kwa "usingoje" nisikilize, mwalimu. Yangu ni Nissan, dalili zilikuwa hizi hizi. Nikasema mwezi ujao, mwezi ujao. Siku moja niko parkingi ya chini ya jengo mjini, ufunguo ukakataa katakata na usukani umejifunga. Mtu akajitolea kunisaidia na plaisi. Ufunguo ukakatikia ndani. Jioni hiyo nilimshikia fundi tochi ya simu akitoboa bareli kwa drili, vumbi la chuma likimwagika kwenye zulia, pacha wananipigia simu wanauliza chakula kiko wapi. Nililipa bareli, nikalipa drili, nikalipa parkingi ya masaa sita.

Fundi Baridi:
Pole mama. Ndiyo maana nasema ifanywe ingali inazunguka. Bareli huchomolewa ufunguo ukiwa kwenye alama ya ACC, ile ya kuwasha redio injini ikiwa imezimwa. Ukifika pale unabonyeza pini ndogo kupitia tundu la pembeni na bareli inatoka yenyewe. Ikikataa kufika ACC, pini haibonyezeki, na hapo ndipo drili inaitwa.

Kazi yenyewe si kubwa. Toa waya hasi wa betri, na kama usukani una erbegi subiri kidogo kwanza. Fungua skrubu za chini ya kifuniko cha usukani, kigawe mara mbili. Ufunguo ACC, bonyeza, vuta. Mpya inaingia hivyo hivyo mpaka usikie "tik". Usirudishe kifuniko kabla ya kujaribu: washa, zima, toa ufunguo, usukani ujifunge, ufungue tena. Nimeona watu wakifungua mara tatu kwa kukimbilia skrubu.

Usikubali mtu aguse mwili mzima wa ignisheni bila sababu. Ule umefungwa na bolti ambazo vichwa vyake vilikatwa makusudi ili mwizi asizifungue, na kuzitoa ni patasi na matusi.

Mzee wa Ngara:
Vijana, mmesahau jambo. Seti ya mtumba imetoka kwenye 110 nyingine ya umri ule ule. Fundi wako anatoa bareli iliyochoka anaweka iliyochoka. Mwalimu, nunua bareli mpya, kisha fundi wa funguo apange upya vile vibati vyake vifuate ufunguo wa milango yako. Usipofanya hivyo utatembea na funguo mbili, na gizani utaingiza ule wa mlango kwenye ignisheni.

Kuhusu chipu ya kuzuia wizi, ile inayokaa ndani ya ufunguo, usijali. Kama kipande cha chuma cha River Road kinawasha gari, hiyo gari haina chipu.

Halafu swali la mtu mzima: kwenye huo mnyororo wa funguo kuna nini kingine?

Mwalimu wa 110:
Mzee, nimehesabu. Funguo kumi na moja, pamoja na kufuli la geti, kabati la stafu na kifungua chupa.

Mzee wa Ngara:
Na yote yananing'inia kwenye bareli ikipita matuta ya Eastlands. Toa kila kitu.

Mwalimu wa 110:
Mrejesho, wadau. Jumamosi nilienda na mlango wa abiria ukasomwa. Ufunguo mpya, elfu moja. Milango yote ilifunguka laini, lakini ignisheni bado iligoma mara mbili tatu kati ya kumi. Basi nikanunua bareli mpya, 2,800, na kupangiwa vibati elfu nyingine. Jumla 4,800. Fundi alinimwagia bareli ya zamani kiganjani: kibati kimoja kilikuwa kimekatika katikati, vingine vimelainika kingo kama peremende iliyonyonywa.

Sasa ufunguo unabaki ndani gari ikinguruma, na hautoki mpaka giya iwe P, ile ya kuegesha. Kumbe ndivyo inavyotakiwa, mimi nilikuwa nimeshasahau.

Kimebaki kitasa cha buti. Ufunguo mpya hauingii hata nusu.

Fundi Baridi:
Buti mara ya mwisho iliwekewa ufunguo lini?

Mwalimu wa 110:
Baba mkubwa alikuwa anaifungua kwa kivuta cha ndani. Mimi pia.

Fundi Baridi:
Hiyo ni vumbi la miaka ishirini. Mpigie unga wa penseli na umuache apumzike mpaka tarehe thelathini.