Naomba ushauri: ukuta unaonyonya maji ya mlimani, Mwanza

Ndugu zangu, ukuta wa nyuma wa nyumba yangu hapa Igogo uko karibu kabisa na jabali, hivyo kila masika, Machi hadi Mei, maji yanayoteremka mlimani hunyonywa na tofali mpaka plasta inabanduka na ukungu mweusi unatanda nyuma ya kabati la vitabu. Mtaro tulioahidiwa wakati wa kampeni sijauona, wala siusubiri. Fundi mmoja anataka kupiga plasta yenye dawa ya kuzuia maji; mwingine anasema tuchimbe kwanza mfereji kati ya jabali na ukuta, nami naona ana hoja. Ninaandikia katika chumba chenye ukuta huohuo, nina pumu, na fedha niliyonayo inatosha kazi moja tu. Nianze na ipi?