Kahawa ya barafu nyumbani: mashine ya espreso, moka, au kuna njia nyingine?

Mzee wa Barafu (mleta mada)
Habari za mchana wakuu. Kwa joto hili la Dar nimezoea kila nikitoka kazini napitia mgahawa fulani kunywa late ya barafu, na sasa mfuko umeanza kulia. Nataka niwe natengeneza mwenyewe nyumbani. Madukani nimeona mashine za espreso (ile kahawa nzito ya kikombe kidogo), nimeona yale mabirika madogo ya Kitaliano ya kubandika jikoni, na kijana wa duka moja alikuwa ananisukumia ile mashine ya vidonge (vile vikopo vidogo vyenye kahawa ndani). Ipi bora? Jumamosi nataka niwe nimeshaamua. Karibuni wajuvi.

Ngosha Mpole
Nimekaa siti ya mbele kabisa.

Mama Iliki
Mleta mada umeuliza nauli bila kusema unakwenda wapi. Bajeti ni kiasi gani? Unakunywa peke yako au nyumba nzima? Una kinu cha kusagia buni au utanunua iliyosagwa? Jiko lako la gesi au la umeme? Na unapenda ya maziwa au kavu na barafu tu?

Buni Mbichi
Wakati tunamsubiri, mimi nasema moka na uzi ufungwe. Waitaliano wanalo hilo birika tangu 1933 na hadi leo asubuhi zao zinaanza nalo. Halina pampu, halina waya, halihitaji LUKU. Kitu cha kuharibika ni mpira tu, na unabadilisha mwenyewe. Jaza chini maji ya moto (siyo baridi, ukiweka baridi kahawa inakaa jikoni muda mrefu na kuungua) yasivuke kile kivalvu cha pembeni. Weka kahawa bila kuishindilia, moto mdogo, ikianza kukoroma epua. Unamwaga kwenye glasi ya barafu na maziwa, umemaliza.

Kinu Kwanza
@Buni Mbichi, hiyo siyo espreso. Moka inasukuma maji kwa presha ya bar 1 hadi 2 hivi, espreso inatoka kwenye bar 9. Krema, lile povu la juu, utaisikia kwenye bomba tu.

Buni Mbichi
Krema ukishamwagia maziwa na barafu inaenda wapi mkuu? Unainywa au unaipiga picha?

Kinu Kwanza
Umepotosha kidogo lakini tusigombane. Mleta mada, kabla ya kununua chochote tafuta kinu kizuri cha mkono, cha meno ya chuma. Si ile ya visu inayosaga kama blenda, nusu vumbi nusu kokoto, maji yakipita vumbi linatoa uchungu na kokoto hazitoi kitu. Kipimo cha espreso ni gramu 18 za unga, zikutolee gramu 36 hivi za kahawa ndani ya sekunde 25 hadi 30. Ukitumia unga wa pakiti ya supamaketi maji yanapita kwa sekunde 10 unapata maji ya rangi. Mashine ya milioni bila kinu ni pambo.

Fundi Nyaya
Ngoja niwape yangu, ni ndefu kidogo, vumilieni. Nilinunua mashine ya espreso Kariakoo. Boksi limeandikwa bar kibao, picha ya mzungu anatabasamu. Muuzaji ananiambia mkuu hii ndiyo wanayotumia mahotelini. Nimefika nyumbani naifungua kiufundi, maana ndiyo kazi yangu, nakuta ndani hamna pampu. Hamna! Ni kibirika tu kinachochemsha maji mpaka mvuke uyasukume. Kahawa inatoka ya moto kupita kiasi, ladha ya mkaa. Nikairudisha, wakasema ikishawashwa hairudi. Sawa, nikakubali kuishi nayo. Baada ya muda gasketi ya pale mkono wa mashine unapofungia ikaanza kuvuja, maji yanaruka pembeni hadi ukutani. Spea hakuna Dar nzima. Nikiwa safarini shemeji yangu, Mungu ambariki, akampelekea fundi baiskeli, akachongewa gasketi ya tyubu. Nyumba nzima siku hiyo wamekunywa kahawa ya tairi, na watoto wakasifia! Sasa hivi naitumia kukanzia maji ya kunyolea.

Somo ni hivi: kabla ya kulipa mwambie aiwashe dukani. Yenye pampu inanguruma kwa kutetemeka mara tu ukibonyeza. Ya mvuke inakaa kimya mpaka ichemke. Na hiyo namba ya bar kwenye boksi ni uwezo wa mwisho wa pampu, haikuambii kahawa itatoka vipi.

Ngosha Mpole
Kahawa ya tairi 😂😂 nimecheka hadi bosi kageuka.

Mtoto wa Bukoba
Mnahangaika na Waitaliano wakati Africafe ipo, inatengenezwa Bukoba kwetu pale Tanica. Vijiko viwili, sukari, maji ya moto kidogo sana, tikisa kwenye chupa yenye mfuniko mpaka itoe povu zito, mimina juu ya barafu na maziwa. Wagiriki wanakunywa hivyo tangu miaka ya 1950, wanaiita frape, na wanajiona wajanja. Gharama yake haifiki hata nauli ya kwenda huo mgahawa.

Kinu Kwanza
Tunazungumzia espreso hapa, wewe unaleta ya kuyeyusha.

Mtoto wa Bukoba
Espreso za Kitaliano kibao zinachanganywa robusta ili krema iwe nene, na robusta ndiyo kahawa ya Kagera. Kwetu tunaitafuna hata bila kuisaga. Heshima kwa wakubwa.

Wa Nairobi
Ndugu zangu Watanzania, kwa heshima zote, robusta ina uchungu na kafeini karibu mara mbili ya arabika, ile aina nyingine ya kahawa. Tafuteni AA kutoka Nyeri, iko na uchachu wa matunda, kwenye barafu ni tamu ajabu hata bila maziwa.

Buni Mbichi
Huo uchachu ukiuchanganya na maziwa baridi unapata kitu kama mtindi. Kwa late chukua iliyokaangwa hadi ikaiva vizuri, ya Mbinga au Mbozi. Na AA ni ukubwa wa punje mkuu, sisi pia tunayo.

Wa Nairobi
Hiyo sasa ni wivu 😄

Mama Iliki
Mnafukuzana na mada imewakimbia. Mimi sina mashine wala moka. Nachukua gramu 100 za kahawa iliyosagwa chenga, nalowesha kwenye maji baridi mililita 800 ndani ya jagi, inalala kwenye friji usiku kucha. Asubuhi nachuja kwa kitambaa safi. Haina uchungu, inakaa siku kadhaa, na hata umeme ukikatika ile kahawa ipo. Sukari sitii ya chenga maana kwenye baridi haiyeyuki, inabaki chini ya glasi. Napika shira nyepesi, sukari na maji sawa kwa sawa, natupia iliki iliyopondwa. Wageni wanadhani nimeagiza mahali.

Ticha wa Fizikia
Hakuna aliyegusa barafu yenyewe. Kahawa gramu 40 yenye nyuzi 80 ikishuka hadi sifuri inayeyusha barafu karibu gramu 40. Ndiyo maana espreso inafaa, ni kidogo na nzito, maji yanayoongezeka si mengi. Ukimwaga kikombe kizima cha gramu 200, unayeyusha barafu gramu 200 na kupata uji wa maji. Kwa hiyo kahawa yoyote itafaa ilimradi ni nzito na ni kidogo. Tia barafu na maziwa kwanza, kahawa mwisho. Mama Iliki yake imeshapoa tayari, hana hasara hiyo.

Mama Iliki
Ahsante ticha. Hesabu zimenipenda leo.

Mzee wa Barafu (mleta mada)
Samahani wakuu, nilibanwa na kazi. Bajeti ni laki tatu, ikizidi sana laki nne. Tuko wawili, mama watoto anapenda tamu ya karameli, mimi ya maziwa sukari kidogo. Jiko gesi. Kinu sina. Ila nilisahau kusema: kuna bosi wetu Mmarekani anamaliza mkataba, anauza vitu vyake, na ana mashine ya espreso anataka laki mbili na nusu. Ndiyo maana nikasema Jumamosi.

Fundi Nyaya
Aaah! Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza. Aliinunua hapa au alikuja nayo? Geuza nyuma usome kibandiko, piga picha utupie hapa. Ikiwa ni 120V, ukiichomeka kwenye 230V yetu ile koili ya kuchemshia inavuta karibu mara nne ya umeme wake. Ya wati 1,350 inataka karibu wati 5,000. Moshi utauona kabla ya kahawa.

Mzee wa Barafu (mleta mada)
Alikuja nayo. Anasema anatumia transfoma, nayo naiuziwa pamoja.

Fundi Nyaya
Transfoma ya wati ngapi?

Mswahili wa Maskati
Salaam kutoka Oman. Huku umeme ni 240V na plagi ni zile za miguu mitatu ya bapa kama zenu. Kama una ndugu anakuja Dar au Unguja, mwambie akuletee, unachomeka tu. Ya Marekani iache huko huko. Kuhusu vidonge sikushauri, siku duka likiishiwa hivyo vidonge mashine inakuwa ya kuwekea vitambaa.

Ngosha Mpole
Maji je? Mimi niko Kigamboni, maji ya kisima yana chumvi. Birika langu la umeme lina ukoko mweupe kama limepakwa chokaa.

Ticha wa Fizikia
Huo ukoko ndiyo chokaa yenyewe, chumvi ni jambo jingine. Chokaa inatoka kwa siki au maji ya ndimu, chemsha uache ikae, suuza. Chumvi haitoki hivyo, itabaki kwenye ladha. Kwa mashine tumia maji ya kunywa, la sivyo vimirija vitaziba.

Kinu Kwanza
Na moka ya alumini usiisugue kwa steliwaya.

Buni Mbichi
Leo umeikubali moka?

Kinu Kwanza
Sijasema hivyo. Nasema laki nne anapata moka na kinu na kahawa ya kuanzia, chenji inabaki. Ila siyo espreso.

Wa Nairobi
Na karameli ya mama watoto? Kuunguza sukari mwenyewe au ya chupa?

Mama Iliki
Unguza mwenyewe, ikiwa rangi ya asali mimina maji ya moto taratibu, simama mbali maana inaruka. Weka chumvi kidogo.

Mtoto wa Bukoba
Africafe haitaki yote hayo.

Fundi Nyaya
Mleta mada, wati za transfoma tafadhali. Bado nasubiri.

Ngosha Mpole
Mkuu, kama hiyo mashine huichukui naomba namba ya bosi inboksi. Nina jamaa yangu anarudi Texas.