Kreatini, wei au BCAA: kopo lipi kwa misuli inayouma baada ya chuma kizito?

mbeba_chuma: Wakuu, nina wiki 3 kwenye programu mpya, skwoti nzito mara 2 kwa wiki. Kesho yake kushuka ngazi ni shughuli. Hela yangu inatosha kopo moja tu. Nataka misuli ipone mapema nirudi kwenye chuma. Nichukue lipi?

KochaMzee: Kijana, kwanza jua kinachouma. Nyuzi za msuli huumia zaidi unaposhusha uzito, maana msuli unavutwa huku umekaza. Maumivu hupamba moto kati ya saa 24 na 72, halafu yanatulia yenyewe. Ukirudia zoezi hilohilo wiki zinazofuata, misuli inaumia kidogo kuliko mwanzo, hata kama hujameza kitu. Sijaona unga unaoshinda hilo. Umeongeza kilo haraka mno?

mbeba_chuma: Kila wiki, kocha.

dada_dedi: Hapo ndipo penye tatizo. Ila nijibu la kopo, maana hizo zote 3 nimeshazitumia. BCAA ni amino asidi (vijenzi vya protini) 3 tu: leusini, isoleusini na valini. Msuli ukijijenga unahitaji zote 9 za lazima, yaani zile mwili hauwezi kujitengenezea, na wei, ambayo ni protini ya maziwa, inazo zote, hizo 3 zikiwemo. Naumia nikiona mtu anajinyima ili anunue BCAA. Hesabu kwanza protini ya siku nzima, karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wako. Ukifika hapo kwa chakula, wei haikuongezei kitu cha maana.

mbeba_chuma: Nina kilo 70, nafika gramu 110 hivi. Basi imebaki kreatini?

nyuzi_na_neva: Ndiyo, chukua kreatini monohaidreti, ile ya kawaida, gramu 3 hadi 5 kila siku. Lakini inunue kwa ajili ya nguvu, usiitegemee kama dawa ya maumivu. Kwenye kupunguza uharibifu wa misuli, tafiti hazikubaliani. Ukienda kupimwa damu, mwambie daktari unaitumia, na kwamba unanyanyua vyuma. Kreatini inaweza kupandisha kreatinini, taka ya kwenye damu inayotumika kupima figo, ukaonekana una shida ya figo. Mazoezi mazito nayo hupandisha vimeng'enya vya misuli, na baadhi hudhaniwa vimetoka kwenye ini.

skwoti_asubuhi: Na vitamini C na E? Mimi nazimeza kila baada ya mazoezi.

nyuzi_na_neva: Kwenye chakula hazina neno. Vidonge vya dozi kubwa kila siku vinaweza kufifisha zile ishara zinazouambia mwili ujiimarishe. Ningekuwa wewe ningeacha.

KochaMzee: mbeba_chuma, wiki hii punguza seti, acha uzito ulipo. Na nyote mnisikilize: mkojo ukiwa wa kahawia kama kola, misuli imevimba na nguvu zimekuishia, nenda hospitali saa hiyohiyo. Msuli ukivunjika kiasi hicho, figo zinaweza kufeli.