Acheni kumchagua Xena kwa picha za Insta, mnaharibu mada!

Wana Tabora, ule uzi wa "Xena mpya awe nani", wa kuchagua watakaoigiza upya ile tamthilia ya runinga ya Xena, binti shujaa wa Ugiriki ya kale, sasa unaudhi. Kila anayeingia anabandika picha ya binti mwenye nyusi za kuchora, anaandika "huyu hapa, fungeni mjadala", anasepa. Gabrielle, mwenzake Xena wa safari, hajatajwa hata mara moja. Hata mara moja!

Misimu 6, vipindi 134, 1995 hadi 2001, ilibebwa na watu wawili. Lucy Lawless, aliyeigiza Xena, hata hakuwa chaguo la kwanza: nafasi ilikuwa ya Vanessa Angel, akaugua, Lawless akaitwa haraka haraka na nywele zikatiwa rangi nyeusi kwa kuwa watazamaji wa tamthilia ya Hercules walishamwona katika nafasi nyingine. Sura inatengenezwa, wakuu. Kisichotengenezwa ni vile anavyomtupia jicho Renee O'Connor, yaani Gabrielle, pale kwenye moto, ukajua kuna neno la jana halijaisha.

Mkitaka kuchagua kweli, leteni majina 3 ya Xena na 3 ya Gabrielle, muwapange hadi jozi zote 9 ziishe. Kila jozi vipande viwili. Cha kwanza wamekaa, wanagombana kwa sauti ya chini. Cha pili wanapigana kwa fimbo, taratibu kabisa, kamera ikae mbali ionyeshe na miguu. Hapo ndipo warembo wenu wataumbuka: mikono inapeleka, miguu imepishana, uzito wote uko kisiginoni, pigo la pili linatua kwenye vidole vya mwenzake.

Callisto, adui wa Xena, naye mmempa "yeyote mwenye roho mbaya". Yule ni mtoto aliyeteketezewa familia kijijini Cirra na jeshi la Xena huyo huyo. Asiyeweza kulia huku anacheka, msimlete.

Sasa kuna mkuu anataka tuigizie hapa hapa, Tembe la Kwihara, lile jumba la kale, liwe ngome, pori la Ugalla liwe Ugiriki. Tembe sawa. Farasi je? Ugalla ina mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, inaua farasi. Mnadhani Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani hadi pwani kwa kupenda? Na hata farasi mzima ni hatari: 1996 Lawless alivunjika nyonga mazoezini Marekani baada ya farasi kuteleza, ikabidi roho ya Xena ikae muda mrefu zaidi ndani ya mwili wa Callisto, Hudson Leick, aliyeigiza Callisto, akabeba zamu. Nyie mna Leick wenu? Hata mtu wa kuruka badala ya Xena, mwenye kimo chake, hamjamfikiria.

NBC wenyewe, runinga kubwa ya Marekani, walianza kuiandaa upya 2015, wakaiweka chini 2017. Ninyi mnamaliza kwa picha moja.

NYONGEZA: Aliyeuliza fundi gani wa Isevya atachonga ile pete ya kurusha, silaha ya Xena, usichonge chuma. Kata mpira wa tairi kuukuu, paka rangi ya fedha, basi. Ikiwa hewani ni kazi ya kompyuta. Shida iko kwenye macho: binti arushe mkono mtupu, afuate kisichokuwepo kikigonga mti, mwamba, kofia ya askari, kisha adake. Wengi macho yanarudi mkononi mapema, na pete bado iko kwenye mwamba.