Waya wa kuku, weldimeshi au banda la kuinuliwa: uanze na kipi?

Mama Vifaranga, Bahati (Nakuru)
Hamjambo wafugaji. Nina kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, wakubwa na vifaranga. Juzi usiku mnyama amenimalizia matetea wawili. Nimewakuta asubuhi wamelala kando ya waya, vichwa hakuna, miili mizima. Waya haukukatwa na mlango ulikuwa na kufuli. Fundi ananipa njia tatu: niongeze safu nyingine ya waya wa kuku, ninunue weldimeshi (wavu wa nyaya ngumu zilizochomelewa), au banda zima liinuliwe juu ya nguzo. Pesa haitoshi kufanya yote. Ningeomba mnishauri.

Mfugaji wa Njoro
Pole sana mama. Kichwa kikikosekana na mwili ukabaki ndani, kuna uwezekano mkubwa mnyama hakuingia kabisa. Kuku amelala akiegemea waya, paka mwitu au kicheche akamvuta kutoka nje. Kwa hiyo safu ya pili ya waya uleule haitakusaidia. Waya wa kuku kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Uzi wake ni mwembamba, na mbwa koko akiung'ata kwa nguvu unaachia.

Mimi ningenunua weldimeshi ya tundu la nusu inchi. Hiyo hata panya mkubwa hapiti. Ni ghali, kwa hivyo usizungushie banda lote: ianze ardhini ifike usawa wa kiuno, halafu kwenye madirisha. Huko juu bakiza waya ulio nao, ila fito za kulalia zisogeze katikati ya banda, kuku asifikiwe kutoka upande wowote. Hiyo ya fito haina gharama, ifanye leo.

Nyar Ahero
Naomba kutofautiana kidogo na wa Njoro. Huku kwetu mvua kubwa ikinyesha maji yanaingia hadi bandani, kwa hiyo banda la juu ndilo limetusaidia. Futi tatu kutoka chini zinatosha, sakafu ya mabanzi yenye nafasi ndogo ili kinyesi kidondoke. Anayechimba hana pa kuanzia. Lakini panya hupanda nguzo, kwa hiyo kila nguzo ivishwe bati laini, na ngazi iondolewe jioni. Ukiiacha ngazi, umejenga bure.

Shinyalu Kienyeji
Mmesahau siafu! Kwetu karibu na msitu wa Kakamega hao ndio adui, hasa mvua zinapoanza. Tetea anayeatamia hataki kuacha mayai, wanamkuta hapohapo kwenye kiota. Wanaanzia machoni na puani, na vifaranga walioanguliwa hawabaki. Weldimeshi kwao si kitu. Hapo namuunga mkono dada wa Ahero: nguzo zikiwa chache unaweza kusimamisha kila moja ndani ya kopo la mafuta machafu ya gari, na uongeze mafuta mvua ikijaza kopo. Nyasi zinazogusa banda zikatwe, maana siafu wanazitumia kama daraja. Jivu pia linazuia, ila likilowa tu limekwisha.

Kijana wa Rongai
Si uweke tu nyama yenye sumu nje ya banda? Mambo yaishe usiku mmoja.

Mfugaji wa Njoro
Hapana, ndugu yangu, tafadhali. Nyama hiyo italiwa na mbwa wa jirani, na mtoto anaweza kuishika. Bundi anayekusaidia kumaliza panya naye atakufa akila panya aliyekula sumu. Wakumbuka Furadan? Ilikuwa dawa ya wadudu shambani, watu wakaipaka kwenye mizoga, simba na tumbusi wakafa, hadi mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ikaiondoa sokoni hapa Kenya. Ziba matundu, usiue.

Baba Tito, Mamboleo (Kisumu)
Mbwa mzuri pia ni ulinzi, mradi amekua pamoja na kuku. Na mchana msimsahau mwewe. Huku wamejaa kwa sababu ya mabaki ya samaki, na kifaranga aliye peke yake uwanjani ni chakula chao. Vifaranga wafunike kwa tenga au wajengee kiuwanja chenye wavu juu mpaka wakomae. Wavu wa zamani wa kuvulia unatosha kabisa, mwewe hahitaji chuma.

Mama Vifaranga, Bahati (Nakuru)
Asanteni sana. Kwetu hakuna mafuriko na siafu ni nadra, basi nitaanza na weldimeshi ya chini, na fito nimeshazisogeza. Swali moja: naona udongo umefukuliwa upande wa nyuma. Niifukie weldimeshi kwenda chini kiasi gani?

Mfugaji wa Njoro
Kuna njia rahisi kuliko kuchimba mtaro. Ikunje pale inapogusa ardhi, uilaze kuelekea nje kama futi mbili, uipige kwa vigingi na kuifunika udongo. Nyasi zikiota zitaishika. Kicheche huanza kuchimba palepale penye ukuta, akikuta chuma hana akili ya kurudi nyuma futi mbili aanze upya. Pale kwenye mlango weka jiwe bapa au zege chini ya kizingiti, maana huko weldimeshi hukatizwa. Na komeo liwe la kusukuma pamoja na kufuli. Ule msumari wa kuzungusha kwa kidole unafunguka mlango ukitikiswa.