Naomba ushauri: kisu kinanipinda nikikata jodari wa sashimi (vipande vya samaki mbichi)

Wakuu, habari za kazi. Nipo jikoni kwenye hoteli moja hapa Unguja, na mwezi uliopita nimehamishiwa upande wa sushi, vile vyakula vya Kijapani vya wali na samaki. Jodari tunapata mzuri sana, mwekundu, nyama imekaza. Shida ni ukataji wangu.

Natumia yanagiba ya sentimita 27, kile kisu cha Kijapani kinachonolewa upande mmoja. Nakata kukatisha nyuzi za nyama, naanzia karibu na mpini, navuta mara moja hadi ncha bila kukandamiza. Lakini kisu kinakwenda upande chenyewe: kipande kinatoka kinene juu, chembamba chini. Vya nigiri, vile vya kuweka juu ya tonge la wali, ambavyo kisu unakilaza, ndiyo vinachanika kabisa. Inaniuma, samaki kama huyu hastahili kuharibiwa.

Mimi natumia mkono wa kushoto, na kisu hiki kimetengenezwa kwa mkono wa kulia. Vya kushoto vipo, ila bei yake iko juu. Je, nijichange ninunue, au kisu kirefu chembamba kilichonolewa pande zote mbili kitanifaa? Na mnamalizia kunoa kwa jiwe namba ngapi (ile namba ya ulaini wa jiwe)? Mimi nina la 1000 tu.