Tuchange Kabla ya Turubai

*Kikundi: Majirani wa Mwembeni, Temeke*

Baba Neema (Mweka Hazina): Habari za jioni majirani. Hesabu ya msiba wa marehemu Baba Shani imefungwa. Tumelipa turubai, viti, maji, chakula cha siku zote na magari ya makaburini. Imebaki 118,000. Kesho asubuhi naikabidhi kwa familia.

Mama Zuhura: Ahsante sana baba. Mungu awazidishie wote mliochanga.

Mjumbe: Kazi nzuri Mweka Hazina. Risiti ziweke, kikao kijacho tuzipitie.

Shani: Shikamooni wakubwa zangu. Mama ameniomba niandike kwa niaba yake. Hiyo iliyobaki tunaomba isije nyumbani. Anataka inunuliwe mashine ya kupimia presha, ikae hapa mtaani, apime kila mtu.

Shani: Baba alianzishiwa dawa mwaka juzi. Akazimeza, kichwa kikaacha kumuuma, akajiona amepona, akaziweka kabatini. Tumezikuta juzi tulipokuwa tunatoa nguo zake. Karatasi za vidonge bado zimejaa. Mama anasema nyumba nyingine isipitie hili.

Bi Time: Marahaba mwanangu. Mfikishie mama salamu zangu, mwambie kesho nakuja kukaa naye.

Mama Zuhura: Shani mwanangu, nimelia. Mama yako ana moyo mkubwa.

Mjumbe: Marahaba Shani. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Majirani, hapa mtu akifariki asubuhi, kabla ya magharibi pesa ya turubai imeshapatikana. Lakini akiwa mgonjwa ndani, hatujui hata kama ana nauli ya kwenda kliniki. Naunga mkono kwa mikono miwili. Pesa ikipungua mimi naongezea 10,000.

Baba Neema (Mweka Hazina): Kama familia imeridhia, naiandika kwenye daftari: mashine ya presha.

Hamisi Boda: Shikamooni. Naunga mkono, ila nilikuwa najua presha ni ya wazee. Na sisi vijana tupime?

Nesi Agnes: Marahaba Hamisi, na ninyi mpime. Tena wewe unakaa kwenye pikipiki tangu alfajiri, chakula chako cha mchana ni chipsi, usingizi mdogo. Presha haingoji mvi. Wengi wenye nayo hawasikii chochote: kichwa hakiumi, moyo haupigi kwa nguvu, na mshipa unaendelea kuumia mpaka siku ya kiharusi, au figo, au macho.

Nesi Agnes: Ndiyo maana Baba Shani alijiona amepona. Dawa ya presha haiponyi kama ya malaria, kwamba ukimaliza dozi mambo yamekwisha. Inaishikilia. Namba zikiwa nzuri maana yake dawa inafanya kazi yake. Ukiiacha kimyakimya, presha inarudi bila hodi. Kama inakuchosha, inakupa kikohozi au inakuvimbisha miguu, rudi kliniki useme, zipo nyingine za kubadilishiwa.

Mama Zuhura: Na dukani tunauziwa tu diklofenaki kila mgongo ukiuma. Hiyo haina neno?

Nesi Agnes: Ina neno kubwa mama. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa ukizimeza kila siku. Mwenye presha asizizoee. Aulize kwanza.

Mama Zuhura: Haya, mimi zipo kwenye mkoba. Kesho nakuja kwako na hivyo vidonge vyote unisomee.

Nesi Agnes: Karibu. Kuhusu mashine, chukueni ya mkanda wa mkono wa juu, siyo ya kifundo cha mkono. Na mkanda uwepo wa kawaida na mkubwa. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo unatoa namba ya juu isiyo ya kweli, mtu anaondoka na hofu bure.

Nesi Agnes: Upimaji una utaratibu, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Mtu asipimwe ametoka kupanda ngazi au kugombana na kondakta. Akojoe kwanza. Akae kitini dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, asikunje nne. Mkono ulale mezani usawa wa moyo, mkanda ugusane na ngozi, siyo juu ya shati. Asiongee. Nusu saa kabla ya hapo asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Pima, subiri dakika 1, pima tena.

Bi Time: Kumbe hata kuongea? Mimi nikipimwa huwa namsimulia daktari mambo ya wajukuu.

Nesi Agnes: Kuongea kunaipandisha bibi yangu. Wajukuu tutawasikia baada ya namba kutoka.

Mjumbe: Na namba gani ni ya kuogopa?

Nesi Agnes: Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, irudiwe siku nyingine. Ikibaki hapohapo, aende kituo cha afya. Mashine yetu haiandiki mtu kuwa mgonjwa wala haitoi dawa, inatuambia nani aende. Lakini ikisoma 180 kwa 120 au zaidi na mtu anaumwa kifua, haoni vizuri, ulimi mzito au mkono mmoja hauna nguvu, hapo hakuna cha kusubiri asubuhi wala kutafuta limau. Hospitali, saa hiyohiyo.

Hamisi Boda: Kwa hilo namba yangu mnayo. Usiku wowote nipigieni.

Mjumbe: Hamisi, mgonjwa wa namna hiyo hafai kukalishwa kwenye pikipiki. Wewe ukimbie kutafuta bajaji au gari.

Hamisi Boda: Sawa Mjumbe. Nitaongea na wa bajaji pale kijiweni tupange zamu.

Mama Lulu (Mgahawa): Nimewasoma kimya muda mrefu. Mimi nalisha watu wengi hapa, nauliza kweli: tatizo ni chumvi au mafuta?

Nesi Agnes: Kwa presha, anza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani haifiki kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ya mchuzi, ya mkate, ya ng'onda, ya viungo vya pakiti, yote. Mtu akila maharage yako, jioni akanunua mihogo ya kukaanga akaimwagia chumvi juu, ameshapita.

Mama Lulu (Mgahawa): Nikipunguza ghafla wateja watahamia ng'ambo ya barabara.

Bi Time: Usipunguze ghafla. Punguza kidogo wiki hii, kidogo wiki ijayo, ulimi utazoea. Na pika na ukwaju, ndimu, tangawizi, thomu na giligilani. Samaki aliyekolea ndimu na thomu haulizwi chumvi.

Mama Lulu (Mgahawa): Kuna jambo naweza kuanza nalo kesho. Vile vichupa vya chumvi naviondoa mezani. Mwenye kutaka ataomba. Wengi hunyunyiza kabla hata ya kuonja, naona kila siku.

Nesi Agnes: Mama Lulu, hapo umetibu watu wengi kuliko mimi!

Baba Neema (Mweka Hazina): Na mazoezi? Ile 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Hapa kwetu vijana wa jogging ndio wanaotoka, sisi wakubwa tunawapisha njia.

Bi Time: Kwetu Unguja tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi vinajaa barabarani, na wamo watu wa rika langu. Si lazima kukimbia. Twende kwa miguu.

Nesi Agnes: Kutembea kunatosha kabisa. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, mathalani nusu saa siku 5. Mwendo wa haraka kidogo: uweze kuongea na mwenzako, lakini kuimba kukushinde.

Mama Zuhura: Basi tuanze Jumamosi. Jumapili wenzetu wana ibada.

Mjumbe: Jumamosi saa 12 asubuhi, tunaanzia kwa fundi baiskeli. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatembea kidogo halafu usafi kama kawaida, tuanze na mtaro wa nyuma ya msikiti, maji yamesimama na mbu wameanza. Tukirudi, watu wakae wapumzike kwanza ndipo wapimwe.

Mama Lulu (Mgahawa): Kibarazani kwangu kuna meza na viti vya kuegemea. Pimeni hapo. Chai ya tangawizi natoa, sukari kila mtu ajiwekee mwenyewe.

Shani: Samahani Mjumbe, jambo moja. Namba za mtu zisiandikwe humu kikundini. Kila mtu apewe kidaftari chake. Baba alikuwa anaona haya kujulikana ana presha, nadhani ndiyo maana hakutaka kuonekana foleni ya kliniki.

Mjumbe: Umesema kweli. Naiweka iwe sheria ya kikundi kuanzia sasa. Atakayeandika namba ya mwenzake hapa, ujumbe unafutwa.

Bi Time: Na wasioweza kufika kibarazani? Bibi wa nyumba ya kona anaishi peke yake, miguu haimruhusu. Yeye hata simu ya kupokea haya maneno hana.

Shani: Bibi nitampelekea mashine mimi, kila Jumamosi mkishamaliza. Nesi unifundishe kuifunga vizuri.

Nesi Agnes: Njoo kesho jioni nikitoka zamu. Utaanza kwa kunipima mimi.

Baba Neema (Mweka Hazina): Nimempigia mwenye duka la vifaa vya hospitali. Ya mkono wa juu ipo, anauza 95,000, mkanda mkubwa unauzwa peke yake 20,000. Inabaki 3,000.

Mjumbe: Hiyo 3,000 na 10,000 yangu nunua vidaftari na betri za akiba.